Fundi wa Kontrakta Akikudai Wewe Mwenye Nyumba: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Jumamosi moja ya Aprili, kabla chai haijachemka, mbwa wa jirani walianza kubweka upande wa lango langu. Nilipotoka nilimkuta fundi wa grili, yule aliyefunga madirisha yote ya nyumba yangu hapa Mamboleo, Kisumu. Alikuwa na vijana wawili. Mmoja ameshika grainda, mwingine ana waya wa umeme ameuviringa begani.

"Mwalimu," akaniambia kwa heshima zake zote, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kontrakta wako hashiki simu, wiki ya tatu sasa. Ni shilingi 86,000. Kama pesa haiko, wacha nibebe chuma changu niende."

Pesa ya madirisha nilikuwa nimeshamlipa kontrakta tangu Februari, na risiti ninazo. Mbele yangu alisimama mtu aliyefanya kazi safi na hajalipwa. Nyuma yangu ilikuwa nyumba niliyoijenga kwa mkopo wa sacco ambao bado nakatwa kwenye mshahara. Majirani nao walishatoka na vikombe vyao mkononi, kila mmoja na sheria yake. Wengi wa wale waliokuwa wakinishauri asubuhi ile walikosea, wengine kwa upande wangu, wengine kwa upande wa fundi. Tangu siku ile, kila nikikutana na mtu anayejenga, awe Nakuru, Kakamega au Bungoma, nasikia maneno yaleyale. Nayaandika hapa nikiyawekea ukweli wake.

"Nyumba ni yako, basi deni ni lako"

Jirani wa upande wa kushoto alilisema hili kama mtu anayefunga kikao: "Grili ziko kwenye madirisha ya nani? Si yako? Lipa." Ukiwa umesimama kwa viatu vya mvua mbele ya grainda, maneno hayo yanaingia akilini haraka sana. Ndiyo sababu watu hulipa kazi moja mara mbili.

Sheria haiulizi kazi imekaa kwenye nyumba ya nani. Inauliza nani alipatana na nani. Mimi nilipatana na kontrakta: nyumba ya vyumba vitatu, madirisha na grili zikiwemo, kwa bei moja. Kontrakta akaenda kwa fundi wake, wakapatana bei yao, ambayo sikuambiwa wala sikuulizwa. Hiyo ni mikataba miwili. Wa kwanza unanifunga mimi na kontrakta, wa pili unamfunga kontrakta na fundi. Kati yangu na fundi, kwa zile grili, hakuna kilichotufunga.

Msingi huu si wa jana. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliusimamia katika kesi ya Agricultural Finance Corporation dhidi ya Lengetia Limited: kwa kawaida mkataba huwagusa walioufanya tu, na mtu wa nje hawezi kudai kwa huo mkataba wala kudaiwa kwa huo, hata kama uliandikwa kwa manufaa yake. Kwa hiyo fundi akinipeleka kortini kwa 86,000, swali la kwanza atakaloulizwa ni lini alipatana nami, na kwa bei gani. Kwa grili, hakuna siku kama hiyo.

Lakini ukuta huo una milango, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayeifungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikusaini kitu na fundi, kwa hiyo hanidai hata ndururu"

Hapa nilikuwa na kosa langu, na sikulikumbuka mpaka fundi mwenyewe aliponikumbusha pale langoni.

Januari nilipita saiti jioni nikitoka shule. Fundi alikuwa anamalizia dirisha la jikoni. Nikamwambia, "Fundi, ukimaliza hapo, niwekee na stendi ya tenki kule nyuma. Iwe imara, tenki ni la lita 5,000." Akachomoa tepu, akapima, akaandika kwa penseli kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. "Elfu kumi na nne, mwalimu." Nikasema sawa. Kontrakta hakuwepo, na stendi haikuwa kwenye mchoro wala kwenye makubaliano yetu.

Ule ulikuwa mkataba kamili. Watu wengi hudhani mkataba ni lazima uwe na mhuri, wakili na kurasa kumi. Kwa kununua ardhi, ndiyo, sheria inataka maandishi. Kwa kazi ya ujenzi, kuagiza, kukubali na bei vinatosha, hata kama vilipita mdomoni tu. Na dai la mkataba lina miaka 6 kabla halijazimwa na Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Fundi angekaa kimya hadi mtoto wangu wa darasa la tatu afike sekondari, na bado angekuwa ndani ya muda wake.

Ushahidi nao hauhitaji karatasi ya maana. Ujumbe wa simu, picha ya kazi iliyotumwa WhatsApp nawe ukajibu "poa, endelea", pesa ya chuma uliyomtumia moja kwa moja kwa M-Pesa: korti inaweza kuvipokea vyote. Kwa hiyo kila unapopita saiti ukamwambia fundi ongeza hiki, hamisha kile, badilisha rangi hii, ujue unafungua daftari la pili, na jina lililo juu yake ni lako. Kama hutaki, zungumza na kontrakta, yeye ndiye amwambie fundi.

Wanaojenga kwa lebo, ambao kwetu huku ndio wengi, wana hatari zaidi. Wewe unanunua mawe, saruji na mabati. Fundi mkuu analeta watu. Ukianza kuwaita vibarua kwa majina kila Jumamosi, kuwapangia kazi na kuwalipa mwenyewe kutoka kwenye daftari lako, itakuwa vigumu sana baadaye kusema hao walikuwa watu wa fundi mkuu. Huenda ukaonekana kuwa wewe ndiye mwajiri, na hapo ni Sheria ya Ajira ya 2007 inayozungumza, si mambo ya mikataba ya ujenzi. Dai la mshahara lina miaka 3.

"Mwambie tu utamlipa, aende zake"

Ushauri huu alinipa mama wa duka, na alinipa kwa wema. Alitaka grainda iondoke.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3, inasema kwamba ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haiwezi kushtakiwa kortini isipokuwa iwe kwenye maandishi, na imesainiwa na yule aliyetoa ahadi au mtu aliyemtuma. Ningesema kwa mdomo, "Kontrakta asipokulipa nitakulipa mimi," fundi angepata shida kunishika kwa maneno hayo peke yake.

Sikusema, na siwashauri wengine waseme. Kwanza, kuna sentensi mbili zinazofanana sana ukizisikia langoni, na sheria inazitenga mbali. "Asipolipa, nitalipa mimi" ni dhamana ya deni la mwingine. "Wewe maliza kazi iliyobaki, hiyo nitakulipa mimi" ni mkataba mpya, wako wewe, na huo hauhitaji saini yoyote. Mtu aliye na hasira au hofu hachagui maneno kwa uangalifu huo. Pili, wengi wetu siku hizi hatuahidi kwa mdomo, tunaandika kwenye simu, na tukishaandika tumempa mwenzetu maandishi. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, mtu ambaye hajalipwa akiahidiwa na mwenye nyumba huenda nyumbani na kuahidi watoto wake. Ukijua moyoni kwamba ahadi yako haina nguvu, umemdanganya, hata kama sheria inakulinda.

"Aliyeweka ana haki ya kung'oa"

Hili fundi mwenyewe aliliamini, na vijana wake waliliamini zaidi. Chuma ni cha kwao, wamekinunua kwa pesa zao, hawajalipwa, basi wanakichukua.

Haiko hivyo. Kitu kikishafungwa kwenye jengo kwa namna ya kukaa, kinakuwa sehemu ya jengo na ardhi iliyo chini yake. Grili iliyochomelewa na kupigiliwa ukutani, mlango uliofungwa bawaba, mabati yaliyopigwa misumari, vigae vilivyobandikwa kwenye saruji: vyote hivyo ni vya mwenye ardhi. Fundi anabaki na deni la kudai, kitu chenyewe si chake tena. Akikata grili zile kwa nguvu anaingia kwenye kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 5 jela. Mtu aliyekuja kudai haki yake anageuka mshtakiwa, na deni lake bado halijalipwa.

Nilimweleza fundi hivyo, polepole, bila kumtisha. Akaniuliza swali zuri: mbona fundi wa gari hulizuia gari mpaka alipwe? Ni kweli, fundi wa gari aliyelitengeneza anaweza kulikalia hadi apate malipo yake, kwa sababu gari liko mikononi mwake. Nyumba haiko mikononi mwa fundi wa grili. Yeye aliruhusiwa tu kuingia na kufanya kazi.

Wenye nyumba nao wana dhana yao hapa, na ni mbaya vilevile. Wanadhani kila kilicho ndani ya ua ni chao. Grainda ya fundi, mashine yake ya kuchomelea, ngazi na mbao zake za jukwaa ni zake, na kuzifungia stoo mpaka arekebishe kazi ni kosa. Vyuma au vigae ambavyo bado viko kwenye mabunda ni suala jingine kabisa: inategemea duka la hadiwea lilimuuzia nani, kwa masharti gani, na kama muuzaji alibakiza umiliki hadi alipwe. Vya namna hiyo usivivamie, uliza kwanza.

"Ataweka zuio kwenye hati yako ya ardhi"

Binamu yangu aliye Marekani alinipigia mchana uleule akiwa na wasiwasi kweli. Kule alikojenga, aliniambia, fundi ambaye hajalipwa anaweza kuandikisha deni lake juu ya nyumba yenyewe, hata kama mwenye nyumba ameshamlipa kontrakta yote.

Yeye hakukosea kuhusu kwao. Haki hiyo ilianzia Maryland mwaka 1791, wakati mji wa Washington ukijengwa na mafundi wakihitaji kuhakikishiwa malipo, na leo iko katika kila jimbo kwa namna moja au nyingine. Ndiyo maana mwenye nyumba wa California hukusanya karatasi za fundi mmoja mmoja kwamba amelipwa na hana dai. Tatizo ni kwamba ndugu zetu walio ng'ambo wanajenga Kisumu na Nakuru kwa simu, na wanaposoma kwenye intaneti wanakutana na sheria za Marekani, kisha wanatetemeka kwa kitu ambacho huku hakipo.

Kenya haina sheria ya kumpa fundi haki juu ya nyumba au ardhi kwa sababu tu aliijenga. Kilichopo ni zuio la kawaida la ardhi, ambalo watu huliita kaveti, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Hilo ni la mtu anayedai maslahi katika ardhi yenyewe, kama mnunuzi aliyelipa sehemu ya bei. Deni la grili si maslahi katika ardhi. Akiliweka, unaweza kumwomba msajili au mahakama iliondoe, na aliyeliweka bila sababu ya haki anaweza kudaiwa fidia kwa hasara aliyokusababishia.

"Mlipe fundi, kisha mkate kontrakta"

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayoumiza watu wema. Inasikika ya haki: salio la kontrakta liko kwako, fundi wake anadai, toa kwa huyu mpe yule. Mwalimu mwenzangu anayejenga Kiamunyi, Nakuru, alifanya hivyo kwa fundi wa dari. Miezi miwili baadaye kontrakta akamdai salio lake lote. Akasema hakumruhusu mtu kumlipa fundi, na kwamba dari ilikuwa na kasoro na yeye na fundi walikuwa bado wanabishania bei. Na hapo kontrakta alikuwa na hoja. Deni lako kwa kontrakta halipungui kwa sababu umempa pesa mtu mwingine bila idhini yake, isipokuwa mkataba wenu ulikupa nafasi hiyo.

Mikataba mikubwa ya majengo inaliona jambo hili mapema. Mafundi wanaoteuliwa na mwenye jengo huandikiwa kifungu kwamba kontrakta akishindwa kuwalipa, mwenye jengo anaweza kuwalipa moja kwa moja na kukata kwenye malipo ya kontrakta. Sisi wenye nyumba za vyumba vitatu tunasaini karatasi moja iliyopigwa chapa pale mjini, na kifungu hicho hakipo. Si kigumu kukiongeza. Sentensi mbili zinatosha, zikiwekwa siku ya kwanza, wakati kontrakta bado anaitaka kazi.

Hapa ndipo nilipobaki na bahati. Katika karatasi yetu kulikuwa na salio la shilingi 180,000 lililopaswa kulipwa siku ya kukabidhiwa nyumba, na siku hiyo ilikuwa haijafika. Kwa hiyo asubuhi ile nilifanya mambo matatu. Nilimkaribisha fundi chai. Nilimtumia 14,000 za stendi hapohapo, kwa sababu hizo zilikuwa deni langu kabisa na nilikuwa nimechelewa. Kisha nikamwambia: "Zile 86,000 siwezi kukuahidi, si mimi niliyekuagiza. Ila salio la kontrakta bado liko kwangu, muda wake haujafika, na kabla sijalitoa nataka tukae watatu." Alinyamaza muda mrefu akizungusha kikombe. Halafu akamwambia kijana arudishe grainda kwenye pikipiki.

Kontrakta tulimpata Jumanne kupitia foromani wake. Hakuwa amekimbia. Pesa ya grili zangu ilikuwa imeezeka paa la mtu mwingine, saiti ya pili aliyoichukua kabla ya kumaliza ya kwanza. Ni ugonjwa wa kazi hii: awamu ya huyu inafunika pengo la yule, mpaka siku mmoja anachelewa kulipa na wote wanaanguka. Simtetei, lakini kujua hivyo kulinisaidia kuzungumza naye bila kumwita mwizi.

Tuliandika juu ya boneti ya pikapu yake, kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Ilisema hivi: kontrakta anakubali kwamba fundi anamdai shilingi 86,000 za grili. Anamruhusu mwenye nyumba amlipe fundi moja kwa moja kutoka kwenye salio la shilingi 180,000. Malipo hayo yahesabiwe kwamba amelipwa yeye kontrakta, na salio lake libaki 94,000. Fundi akishapokea, hana dai jingine la grili kwa kontrakta wala kwa mwenye nyumba. Tarehe, majina matatu, nambari za vitambulisho, saini tatu, na foromani kama shahidi. Nikalipa mbele yao kwa M-Pesa, na kila mtu akapiga picha ya karatasi kwa simu yake.

Tungekosa saini ya kontrakta, karatasi ile isingenilinda kwa lolote.

"Nimekalia salio, hakuna wa kunigusa"

Kuna wenye nyumba waliokwisha kusikia kwamba hawana mkataba na fundi, wakafurahi, kisha wakazuia salio la kontrakta miezi na miezi wakisema "mkimaliza ugomvi wenu njooni". Ikiwa siku ya kulipa imefika na kazi iko sawa, unayekiuka mkataba sasa ni wewe.

Na ipo njia ya fundi kukufikia kihalali. Akimshtaki kontrakta na kushinda, anaweza kuomba korti ichukue pesa ambazo kontrakta anadai kwa watu wengine, ukiwemo wewe. Njia hiyo iko kwenye Amri ya 23 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Unapokea kwanza amri ya muda inayokutaka uje ueleze kama unadaiwa na kontrakta. Ukiipata, usimpe kontrakta hata shilingi moja mpaka korti iseme, maana ukimlipa baada ya kupokea amri unaweza kuambiwa ulipe tena. Kama ulikuwa umeshamlipa yote kabla, peleka risiti na taarifa ya benki au M-Pesa, uonyeshe kwamba hakuna pesa yake iliyobaki kwako. Ndiyo sababu nasema risiti za ujenzi zikae kwenye faili moja, si kwenye droo ya jikoni na bili za maji.

"Twende polisi" na "twende kwa chifu"

Polisi si wakusanya madeni. Mgogoro wa malipo kati ya watu waliopatana kazi ni wa madai, na ofisa hana mamlaka ya kukufungia mpaka ulipe deni la kontrakta. Polisi wanahusika kukiwa na jinai: grainda ikianza kukata, mtu akikupiga, mtu akivunja lango.

Chifu anaweza kusaidia sana, na mimi nawaheshimu wanaofanya hivyo, ila kama mpatanishi. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho. Lakini chifu hawezi kukuamuru ulipe, na karatasi ya ofisini kwake si hukumu. Usisaini pale, kwa ajili ya kumaliza kikao tu, kwamba "nitalipa kufikia mwisho wa mwezi". Hayo ni maandishi yenye saini yako, na kifungu cha 3 nilichokitaja juu kimekwisha kupata kilichokuwa kinakosekana.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo si mahakama ya madeni. Kazi yake kwako inakuja mapema zaidi: kutafuta kama kontrakta wako amesajiliwa na yuko daraja gani, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, kabla hujampa shilingi ya kwanza. Malalamiko kuhusu mwenendo wake unaweza kuyapeleka huko, ila usisubiri wakulipie mtu.

"Kesi ya elfu themanini ni ya kupoteza muda"

Hili nimelisikia kwa mafundi zaidi kuliko kwa wenye nyumba, na ndilo linalowatuma langoni na grainda. Wanadhani korti ni ya miaka mitano na wakili wa laki mbili.

Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliweka korti ya madai madogo, ambayo leo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na sasa ziko pia Kisumu na Nakuru. Unaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Dai la malipo ya kazi iliyofanywa linaingia pale moja kwa moja, na mshtakiwa sahihi ni aliyeagiza kazi, yaani kontrakta. Nilimwambia fundi haya tukinywa chai, na nikamwambia pia kwamba akihitaji shahidi wa kusema grili zilifungwa, lini, na kwamba kontrakta alishalipwa, mimi nitakuja.

Wewe mwenye nyumba ukishtakiwa pale pamoja na kontrakta, usipuuze wito ukidhani huhusiki. Mahakama haijui kwamba huna mkataba na fundi mpaka uiambie. Asiyejibu anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na hukumu hiyo inakusanywa kwako hata kama hukuwa na deni. Jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi, na siku ya kusikilizwa beba makubaliano yako na kontrakta, risiti za kila awamu, taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, na ujumbe wowote uliowahi kuandikiana na fundi, ukiwemo ule wa stendi ya tenki.